Shanga za polima zinazopitisha mwanga: kuoka, kupiga msasa na kung'arisha

Malalamiko ya wanaotengeneza shanga kwa udongo wa polima ni yaleyale kila siku. Mbona za kwangu zimetoka na ukungu? Mbona zimegeuka kahawia? Mbona zina vidoa vyeupe ndani kama vimwezi? Na ukimhoji mtu vizuri unakuta karibu wote wamefanya kitu kimoja, wameogopa shanga zisiungue wakapunguza moto, afu zilipotoka hazina sura wakakimbilia vanishi. Sasa vanishi haiokoi kitu. Uangavu wa shanga unapatikana sehemu mbili tu, kwenye oveni na kwenye msasa, yanayobaki ni mapambo. Kwa hiyo humu ntakaa sana kwenye hayo mawili, mengine ntayapita harakaharaka.

Mfano nitakaoutumia ni shanga za rangi ya kaharabu. Huku pwani zina wateja wake, wa tasbihi, wa mikufu, wa bangili, na kaharabu halisi, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe ambao mwingi unatoka pwani za Bahari ya Baltiki, bei yake si ya mchezo. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba rangi hii inasamehe. Udongo unaopitisha mwanga una tabia ya kuingia unjano ukikaa sana kwenye joto, sasa ukiwa unatengeneza kaharabu ule unjano ndo unautaka. Ukianza na shanga nyeupe za kioo utalia.

Kwanza tuelewane, huu si udongo wa mfinyanzi. Ni PVC, plastiki ileile ya mabomba, imesagwa unga laini sana ikachanganywa na vimiminika vya kulainisha plastiki, ndo maana ukiubonyeza unabonyea na ukiuacha mezani haukauki. Ukipata joto la kutosha zile chembe zinavimba, zinalainika, zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Kabla hazijashikana mwanga ukiingia unatawanywa na chembe mojamoja, unaona weupe wa maziwa tu. Zikishikana sawasawa mwanga unapita. Kwa hiyo ushanga uliookwa nusunusu una ukungu na bado utakuja kuvunjika mkononi kwa mteja, hasara juu ya hasara.

Kwenye pakiti tafuta neno Translucent, yaani unaopitisha mwanga. Kampuni hazilingani: Cernit ya Ubelgiji na Pardo ya Ujerumani zinasifika kwa kutoka angavu zaidi, Fimo ya Ujerumani na Premo ya Marekani nazo ni nzuri ila zinaelekea kwenye ujiwe kuliko ukioo. Joto pia linatofautiana, Fimo wanasema nyuzi 110, Pardo 120, Cernit kati ya 110 na 130, Premo 130, Kato 150, na muda kwa wengi wao ni nusu saa. Pakiti yako ndo ina neno la mwisho, na kama ndo unaanza usichanganye kampuni mbili kwenye ushanga mmoja, maana hutajua ufuate joto la nani.

Sasa kazi. Adui wa kwanza ni unyevu. Vile vidoa vya mviringo vinavyotokea ndani ya shanga baada ya kuoka vinasababishwa zaidi na maji na hewa vilivyojificha kwenye udongo, joto likipanda vinatanuka vinaacha alama, na ukishavipata ndani huwezi kuvitoa kwa msasa. Na sisi tunaokaa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yenyewe ni maji matupu, mikono inatoka jasho muda wote. Fanya hii kazi asubuhi mapema au chumba chenye feni au eisii kama unayo, nawa mikono, kausha kabisa, usipake losheni wala mafuta. Glavu nyembamba za mpira zinasaidia mara mbili, jasho haliingii na alama za vidole hazibaki. Wengine udongo ukilainika sana kwa joto wanauweka friji, sawa, lakini uufunge vizuri kwenye mfuko na ukiutoa uuache urudi kwenye joto la chumba ukiwa bado umefungwa, ukifungua wakati ni wa baridi matone ya maji yanaushika nje na wewe unakuja kuyakanda yote ndani.

Na usafi jamani. Huu udongo unavuta kila uzi, kila nywele, kila vumbi la kapeti. Kabla hujaushika chukua kipande cha udongo mweupe wa zamani ukikande kwanza mikononi, kitachukua uchafu wote, kitupe pembeni kwa kazi hiyohiyo kesho. Mezani tandika taili moja ya kauri au kioo, ndo pa kufanyia. Usiuweke udongo mbichi juu ya sahani za plastiki au meza iliyopigwa vanishi, ile dawa ya kulainishia iliyomo inakula baadhi ya plastiki na kuacha doa la kunata.

Kanda mpaka ulainike wote na usipasuke ukiukunja. Ukiwa na mashine ya tambi pitisha, kila ukikunja ingiza upande wa mkunjo kwanza ili hewa itoke upande wa pili. Huna mashine, chupa ya kioo iliyonyooka au mti wa chapati unatosha, ila huo mti usirudi tena kwenye chapati. Hii ni kwa vifaa vyote, kilichoingia kwenye polima kimehama jikoni moja kwa moja.

Rangi sasa. Hapa watu wanazidisha. Udongo mbichi unaonekana mweupe kwa hiyo unaweka rangi unaona haikolei, unaongeza, unaongeza, ukitoa kwenye oveni ule weupe umeondoka imebaki rangi tupu, nzito, mwanga haupiti. Kwa nusu ya pakiti ya gramu 56, kipande cha njano kisichozidi kichwa cha kiberiti kinatosha kuanzia. Gawa mafungu matatu: moja njano iliyofifia, la pili ongeza chembe ya chungwa, la tatu ongeza chembe ya kahawia. Yachanganye yote matatu nusunusu tu, sokota, kunja, sokota, acha mistari na mawingu, usikande mpaka iwe rangi moja kwa sababu kaharabu halisi haina rangi moja. Kabla ya kuendelea kata kipande chembamba ukioke peke yake. Usiruke hii hatua, rangi halisi huijui mpaka iokwe.

Kuna wanaotumia wino wa spiriti. Unatoka vizuri sana, ila udondoshe juu ya udongo uliosukumwa ukawa mwembamba na uuache ukauke kabisa kabla ya kukanda, ukikanda spiriti ikiwa mbichi unatengeneza mapovu mwenyewe. Manjano ya jikoni nayo inatoa rangi tamu ya asali, lakini inapauka juani, kwa hiyo weka kwenye shanga zako za majaribio usiuzie watu. Ukitaka ule mng'aro wa ndani, weka vipande vidogo vya karatasi ya dhahabu bandia katikati ya matabaka, vichache tu, vikiwa vingi inakuwa kama pambo la keki.

Saizi nayo ina maneno. Ushanga wa milimita 8 mpaka 12 unapitisha mwanga vizuri. Ukipanda kwenda milimita 20 mwanga haufiki katikati, unaona giza, hapo ni bora utengeneze kiini cha udongo mweupe au uliofungwa karatasi ya dhahabu, ukioke, afu uuvishe tabaka la milimita 2 la ule angavu juu yake na uoke tena. Mwanga unaingia unagonga kiini unarudi, macho yanadanganyika kwamba ushanga wote ni kioo.

Ili zilingane, sukuma udongo unene mmoja, kata kwa kifuniko cha kalamu au kikata chochote cha duara, kila kipande ni ushanga mmoja. Viringisha kati ya viganja, anza kwa kukandamiza kidogo kisha legeza, ukimaliza ushanga usiwe na mstari wowote wa mkunjo, maana huo mstari hauonekani sasa hivi lakini utauona ukishaokwa. Ziache zipumzike kama nusu saa kabla ya kutoboa, zikiwa za moto kutokana na mikono zinabonyea. Kutoboa tumia sindano nyembamba, zungusha huku unasukuma taratibu, ncha ikianza kuchungulia upande wa pili simama, toa, ingiza kutokea upande ule. Ukisukuma moja kwa moja unaacha kidomo kilichochanika. Tundu likiwa dogo usijali, ukishaoka unaweza kulipanua kwa keekee ndogo ya mkono ya milimita 1 au 1.5, udongo uliokwishaokwa unachimbika vizuri sana na kingo zinatoka safi.

Haya, oveni. Hapa tukae.

Kitu cha kwanza kununua hata kabla ya rangi ni kipimajoto cha oveni, kile cha kusimama ndani. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni ni makadirio. Zile oveni ndogo za mezani ndo zina vituko zaidi, nyaya zake ziko karibu na trei, zinawaka nyekundu zinapandisha joto juu, zinazima, zinashuka, zinawaka tena, umetega 120 lakini ndani kuna wakati ni 150 na zaidi. Washa oveni ikiwa tupu, weka taili ndani na kipimajoto juu ya taili, palepale shanga zitakapokaa, kaa uangalie kama dakika 40. Andika inapanda mpaka wapi, inashuka mpaka wapi, na ukitega ngapi ndo unapata ile ya pakiti. Taili inasaidia kutuliza huko kupanda na kushuka kwa sababu inatunza joto.

Sasa pa kulaza shanga. Ukiziweka juu ya taili wazi zinatoka na bapa linalong'aa upande wa chini. Njia zipo. Unaweza kuzitunga kwenye waya mgumu ukauegesha juu ya kingo za trei, safi ila zisigusane. Unaweza kuzilaza kwenye pamba ya polyesta ile ya kujazia mito, inavumilia joto hili ila isiguse nyaya za oveni. Mimi napenda kuzizika kwenye konflawa. Chukua trei ndogo ya chuma, mwaga konflawa kina cha sentimita 2, panga shanga zisigusane, mwagia nyingine juu mpaka zifunikwe kabisa. Konflawa inashikilia ushanga pande zote hauwi bapa, na inauziba usipigwe na waya moja kwa moja. Hiyo konflawa iweke kwenye kopo lake, utaitumia tena na tena kwa shanga, uji usipikie.

Juu ya trei funika. Karatasi ya aluminiamu ikunje kama hema isiguse shanga, bana pembeni, au geuza trei nyingine juu yake. Kuungua kwa shanga nyingi kunatoka kwenye mwali wa waya wa juu, wakati joto la oveni lenyewe liko sawa kabisa. Ndo maana nasema usipunguze moto, funika. Ukiteremsha kutoka 130 kwenda 100 ili zisigeuke kahawia, zile chembe hazishikani, unapata ushanga mweupe mzuri wenye ukungu na utakaokatika ukidondoka sakafuni. Ukifunika na kuacha joto linalotakiwa, unapata angavu na nguvu vyote viwili.

Anza na oveni ya baridi au moto? Kwa udongo huu napendelea baridi, joto lipande polepole, unyevu mdogo uliobaki upate muda wa kutoka taratibu, vile vidoa vinapungua. Ila masharti yake ni kwamba umefunika, kwa sababu wakati wa kupanda ndo nyaya zinawaka zaidi. Muda uhesabu kuanzia kipimajoto kilipofika kwenye joto lako, siyo ulipowasha. Kwa shanga za milimita 10 nenda saa nzima, na kwenye konflawa ongeza dakika 15 hadi 20 kwa sababu unga unachelewesha joto kufika. Pakiti inasema nusu saa, ndiyo, hicho ni kiwango cha chini kwa kitu chembamba. Kukaa muda mrefu kwenye joto sahihi hakuharibu, kwa kaharabu hasa, kunaongeza nguvu. Kinachoharibu ni joto kuzidi.

Na likizidi utajua kwa pua. Harufu ya plastiki kidogo ni kawaida, fungua madirisha. Lakini ukisikia harufu kali ya kuchoma macho na koo, zima, fungua milango, watoto watoke, usikae hapo unachungulia. PVC ikianza kuungua, kuanzia nyuzi 175 hivi kwenda juu, inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi na hiyo si ya kuvuta. Kwa sababu hiyohiyo naomba msinioneshe picha za shanga kwenye jiko la mkaa. Najua tunaoka keki kwenye sufuria, moto juu moto chini, inatoka tamu kabisa, lakini keki ikizidi nyuzi ishirini unakwangua ule weusi maisha yanaendelea. Mkaa huwezi kuusoma namba. Maikrowevu pia hapana.

Umeme ukikatika katikati, na utakatika, usipaniki wala usitupe. Acha oveni imefungwa, shanga zipoe humohumo, umeme ukirudi anza tena kuhesabu muda wote upya. Udongo huu unaokwa mara mbili, mara tatu, hauna shida. Hata zile shanga zako za zamani zilizotoka na ukungu kwa sababu ya moto mdogo, zirudishe kwenye joto sahihi uone, nyingi zinafunguka.

Kujua kama zimeiva, weka ndani kipande chembamba cha udongo huohuo pamoja na shanga, unene wa milimita 2. Kikipoa kikunje. Kikipinda na kurudi, tayari. Kikikatika kwa mlio mkavu, rudisha vyote. Usipime kikiwa cha moto, kikiwa cha moto kinalegea tu hata kama kimeiva.

Kisha kuna hili la barafu ambalo watu wanabishana. Unatoa shanga za moto moja kwa moja unazitumbukiza kwenye bakuli la maji yenye barafu. Inaongeza uangavu? Kwa shanga ndogo na kwa baadhi ya kampuni ndiyo, tofauti inaonekana ukizilinganisha na zilizopoa zenyewe, kwa nyingine huoni kitu. Kwa shanga nene au zenye kiini cha rangi nyingine usifanye, nje inapoa haraka kuliko ndani unapata ufa. Kama umeoka kwenye konflawa chota kwa kichujio cha chuma, tikisa unga, tumbukiza, baadaye sugua na mswaki wa zamani mpaka weupe wote wa unga utoke, hasa kwenye matundu.

Ukizitazama sasa utaona hazina lolote. Zimefifia, zina ngozi ya mfinyofinyo, utafikiri umeharibu. Hapana, hapo ndo kazi ya msasa inaanza, na hii ndo wengi wanairuka ndo maana shanga zao zinabaki zilezile.

Nenda maduka ya rangi za magari, omba msasa wa maji, ule mweusi au wa kijivu usioharibika ukilowa. Namba 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Msasa wa mbao ule wa kahawia achana nao. Chukua beseni, maji, tone moja la sabuni ya vyombo. Daima piga msasa ndani ya maji, vumbi lisipae ukalivuta, na msasa usizibe. Kama shanga zimetoka laini bila alama za vidole anza na 600, 400 ni ya kuondoa mabonde tu.

Kata msasa kipande cha kutosha kiganjani, nyuma yake weka kipande cha sponji ili ukumbatie umbo la duara. Zungusha ushanga ndani huku unaukandamiza kidogo, kidogo tu. Baada ya muda maji yanakuwa meupe, hiyo ndo ngozi inatoka. Ukiuinua ukiwa umelowa utauona unang'aa, angavu, umekamilika kabisa, utataka kupiga picha. Usidanganyike, maji yamejaza mikwaruzo yakaificha. Ufute kwa kitambaa, upulize ukauke kabisa, usogeze dirishani mwanga uupige kwa ubavu na uuzungushe polepole. Utaona mistari myembamba inayokimbia upande mmoja, na huenda ukaona sehemu moja karibu na tundu ambayo bado inang'aa ung'aro wa mafuta, hapo msasa haujafika kabisa. Rudi hapo. Ushanga mzima ukiwa na ufifi mmoja unaolingana, bila kipande kinachong'aa na bila bonde, ndo unapanda namba.

Ila ule ung'aro uliouona ushanga ukiwa umelowa ni wa kweli, ndivyo utakavyokuwa ukimaliza. Kwa hiyo kama hata ukiwa kwenye maji una ukungu, usipoteze nguvu na msasa, tatizo liko ndani, rudi oveni.

Kila ukipanda namba mwaga maji, suuza ushanga, suuza beseni na sponji. Chembe moja ya 400 ikibaki kwenye maji ya 1000 inakuchorea mstari ambao utakurudisha mwanzo. Na badilisha mwelekeo, kama 600 umesugua kutoka tundu hadi tundu, 800 sugua kwa kuzunguka kiuno, mistari ya zamani ikionekana bado inakatiza ya mpya ujue hujamaliza. Namba za mwanzo ndo zinachukua muda, 600 ikifanywa vizuri hizi za 1500 na 2000 ni dakika chache tu kila ushanga. Uvivu wa 600 hauzibwi na 2000, hata ukisugua mpaka kesho.

Kung'arisha sasa, kitambaa cha jinzi kilichochakaa kinatosha. Sugua kwa kasi na nguvu mpaka usikie ushanga unapata joto, ung'aro unakuja wenyewe bila kupaka chochote. Ukiwa na mashine ndogo ya kuzungusha, ile ya mafundi wa vito, weka gurudumu la kitambaa laini, kasi ndogo, na usitulie sehemu moja, msuguano ukizidi unayeyusha uso unapata alama. Vaa miwani. Ushanga uchomeke kwenye kijiti cha mishikaki kilichokaza kwenye tundu, usiushike kwa vidole na usiupeleke ukiwa kwenye uzi, mashine itaunyakua itaurusha ukutani au ivute uzi na kidole.

Watu wengi wangesimama hapo na mimi ningewaambia simameni. Ukitaka kuongeza, nta laini kidogo ya kung'arishia kisha futa. Ukitaka vanishi, iwe ya maji ya polyurethane, tabaka mbili nyembamba, kila moja ikauke vizuri. Vanishi ya mbao ya mafuta na nyingi za kopo la kupuliza zinabaki zinanata, wiki zinapita bado ukigusa unaacha kidole. Rangi ya kucha isiyo na rangi ndo kabisa, inaonekana nzuri siku ya kwanza, baadaye vimumunyisho vyake vinalainisha plastiki inaanza kunata na kushika vumbi. Rezini ya UV, ile plastiki ya majimaji inayoganda kwa taa, kwa shanga angavu inatoka kama kioo kweli, unapaka tabaka jembamba, unatoboa mapovu kwa kijiti, unawekea taa ileile ya kucha za jeli. Ila vaa glavu, rezini mbichi inawasha na wengine inawaletea mzio, na baada ya muda huwa inaingia unjano, jambo ambalo kwa kaharabu halina neno.

Kwa tasbihi mimi sipaki chochote. Punje za tasbihi zinapita kwenye vidole kila siku, punje 33 au 99 zinagongana na kusuguana, vanishi yoyote itaanza kubanduka kuanzia kwenye matundu. Punje iliyopigwa msasa mpaka 2000 na kusuguliwa na jinzi haina cha kubanduka, ukiishikashika inazidi kung'aa. Zile za kugawa makundi na ile ndefu ya kichwani zitengeneze rangi nzito kidogo kutoka lile fungu la kahawia, na zioke siku moja na punje nyingine kwenye trei moja, ukioka siku tofauti utaona tofauti ya rangi hata kama kipimo kilikuwa kilekile. Tengeneza na za ziada nne tano.

Na ukiuza sema ni kaharabu ya kutengeneza. Atakayependa atanunua hivyohivyo, na anayetafuta ya Baltiki hatakuja kukutukana baadaye.

Kabla ya kutunga, pitisha sindano kila tundu kuondoa tope la msasa lililokaukia humo, maana kwenye ushanga unaopitisha mwanga lile tope linaonekana kama mstari mweupe katikati. Kisha pitisha kipande cha uzi mnene uliolowa na kuuvuta huku na huku mara kadhaa, kingo za tundu zilainike zisije kukata uzi. Uzi wa nailoni uliosokotwa ndo mzuri, chagua wa rangi ya asali au njano, mweusi utauona umepita ndani ya kila ushanga.